Tezi 3 Kati ya 14: Kuisoma Ripoti ya Saratani ya Utumbo Mpana

Mama mmoja alifika kliniki yetu ya upasuaji asubuhi ya siku ya soko akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso. Mumewe, mwenye umri wa miaka 58, alikuwa amepasuliwa wiki tano zilizopita na kutolewa kipande cha utumbo mpana kilichokuwa na saratani. Karatasi ilikuwa ripoti ya maabara kuhusu kipande hicho. Mwanawe, aliyefuatana naye, alikuwa ametafuta maana yake kwenye simu na kukutana na maneno "hatua ya tatu". Tangu siku hiyo nyumbani kulikuwa na vikao. Baba zake wadogo walikuwa wakiuliza kama kuna haja ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya ugonjwa ambao umekwisha kuenea, au mzee aachwe apumzike na pesa ziende kwa karo.

"Daktari," mama aliniambia, "mimi sijui kusoma haya maandishi yenu. Nionyeshe tu ni wapi pameandikwa kwamba atakufa."

Mimi ni afisa wa kliniki, na hapakuwa na mahali pa kumwonyesha. Palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba tezi 3 kati ya 14 zilizopimwa zilikuwa na saratani. Mstari wa namna hiyo huletwa kliniki na familia nyingi, na wengi huondoka wakiwa na hofu bila kuelewa kinachosemwa. Makala haya yanaueleza mstari huo: namba ya juu ina maana gani, ya chini ina maana gani, na zote mbili zinabadilisha nini katika matibabu.

Mtoki wa tumboni

Aliyekua akitembea bila viatu anaujua mtoki. Mwiba unakuchoma kisigino, kidonda kinaingia uchafu, na baada ya siku mbili kinena kinavimba na kuuma ingawa mwiba uliingia chini kabisa. Kinachovimba ni tezi ya limfu. Limfu ni maji mepesi yanayojichuja kutoka sehemu zote za mwili na kurudi kwenye damu kwa kupitia mishipa yake yenyewe. Njiani hupita kwenye tezi hizi, na kila tezi hufanya kazi kama kizuizi cha polisi barabarani: kinachopita hukaguliwa, na viini vya ugonjwa hushikwa hapo.

Utumbo nao una tezi zake. Aliyewahi kuchinja mbuzi ameuona ule utando wenye mafuta unaoshikilia matumbo yasitawanyike. Humo ndimo inamopita mishipa ya damu ya utumbo, na kandokando ya mishipa hiyo mmetapakaa tezi za limfu, chache zikiwa kubwa kama haragwe, nyingi ndogo kama punje ya mchele au hata chini ya hapo. Saratani ya utumbo mpana huanzia kwenye utando wa ndani. Ikiachwa, huchimba ukuta wa utumbo kuelekea nje, na ikiifikia mishipa ya limfu, seli zake zinaweza kung'oka na kusafiri. Mara nyingi kituo cha kwanza ni tezi zilizo karibu.

Ndiyo sababu madaktari wakitaka kukadiria maisha ya mgonjwa baada ya upasuaji hutazama tezi kwanza. Saratani iliyoingia kwenye tezi imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kusafiri, na huenda seli chache zimepita zikafika kwenye ini au mapafu zikiwa ndogo mno kuonekana kwa skani. Huenda. Si lazima, na tutalirudia neno hilo.

Mtu aliyeuweka ujuzi huu katika mpango ambao kila daktari angeweza kuutumia ni Mwingereza Cuthbert Dukes, daktari wa patholojia wa hospitali ya St Mark's jijini London. Mwaka 1932 alichapisha utaratibu wa kuwapanga kwa herufi tatu wagonjwa wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. A ilikuwa saratani ambayo bado imo ndani ya ukuta, B ni iliyoupenya ukuta, na C ni iliyofika kwenye tezi. Mpaka leo utamkuta daktari mkongwe ameandika "Dukes C" pembeni mwa faili.

Siku hizi ripoti hutumia herufi T, N na M. T ni kina cha saratani katika ukuta wa utumbo, kuanzia 1 hadi 4. N ni tezi: N0 hakuna tezi iliyoonekana na saratani, N1 ni tezi 1 hadi 3, N2 ni tezi 4 au zaidi. M inaonyesha kama ugonjwa umefika kwenye viungo vya mbali. Tezi hata moja ikiwa na saratani, na ugonjwa haujafika mbali, basi hiyo ni hatua ya tatu. Kijana wa yule mama alisoma sawasawa. Alichokosea ni kudhani kwamba wote walio katika hatua ya tatu wako pamoja.

Kati ya watu 100

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya wagonjwa 119,363 wa saratani ya utumbo mpana, waliogunduliwa kuwa nayo kati ya mwaka 1991 na 2000. Waliangalia ni wangapi ambao saratani hiyo haikuwa imewaua baada ya miaka 5. Katika hatua ya kwanza walikuwa 93 kati ya 100. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika viungo vya mbali walikuwa 8 kati ya 100.

Hatua ya tatu ilikuwa katikati, lakini katikati yenyewe ni pana. Waliokuwa na tezi 1 hadi 3 zenye saratani, na uvimbe ambao haukuwa umechimba sana (T1 au T2), walikuwa 83 kati ya 100. Waliokuwa na tezi idadi hiyo hiyo lakini uvimbe umepita misuli ya ukuta (T3 au T4) walikuwa 64. Waliokuwa na tezi 4 au zaidi walikuwa 44. Tofauti ya 83 na 44 ni kubwa, na wote hao simu ingewaambia neno moja tu, "hatua ya tatu".

Hesabu hiyo ina jambo ambalo huwashangaza hata wahudumu wa afya. Wagonjwa wasio na tezi yoyote yenye saratani, lakini ambao uvimbe wao ulikuwa umetoboa ukuta wote wa utumbo (T4), walikuwa 72 kati ya 100, chini ya wale 83 waliokuwa na tezi chache na uvimbe usiochimba sana. Huenda sehemu ya sababu ni kwamba wenye tezi walikuwa wakipewa dawa baada ya upasuaji na wasio na tezi mara nyingi hawapewi. Kwa hiyo anayeambiwa "tezi ni safi" asikunje ripoti hapo. Aulize na T ni ngapi.

Takwimu hizi ni za watu wa Marekani na za miaka ambayo dawa moja muhimu, nitakayoitaja mbele, ilikuwa haijaanza kutumika kwa wagonjwa hawa. Si za kaunti yetu, na hazikuhusisha saratani ya puru. Tena zinahesabu kundi la watu. Mgonjwa mmoja akiwa mbele yako huwezi kujua kama ni miongoni mwa wale 64 au wale 36, na mimi nimeacha zamani kumsikiliza anayedai kwamba anajua.

Namba ya chini

Watu huitazama namba ya juu, ile 3, na kuipita ya chini. Kwa maoni yangu ya chini ndiyo inayostahili kuulizwa kwanza, kwa sababu tezi isiyotafutwa haionekani.

Tezi hazijitokezi zenyewe. Daktari wa upasuaji lazima aondoe utumbo pamoja na ule utando wenye mafuta mpaka karibu na shina la mshipa wa damu. Kisha daktari wa patholojia hupapasa mafuta hayo kwa vidole, akate vipande vyembamba, atafute tezi mojamoja na kuzipima kwa hadubini. Ni kazi ya kuchosha. Ikifanywa kwa haraka, tezi ndogo hubaki ndani ya mafuta, na saratani hukaa vizuri tu ndani ya tezi isiyofika hata milimita 5.

Kwa sababu hiyo, mkutano wa dunia wa madaktari wa njia ya chakula uliofanyika Sydney mwaka 1990 ulipata pendekezo kwamba tezi zisizopungua 12 zipimwe, na idadi hiyo ndiyo inayofuatwa na miongozo mingi mpaka leo. Sasa linganisha ripoti mbili. Moja inasema 0/18, nyingine 0/5. Zote zinaitwa N0. Ya kwanza ni habari njema. Ya pili inasema tu kwamba tezi tano zilitazamwa na hazikuwa na kitu. Kuhusu nyingine haisemi lolote. Madaktari wa saratani huihesabu ripoti yenye tezi chini ya 12 kuwa moja ya sababu za kufikiria dawa hata kama N ni 0.

Uwiano wa namba hizo mbili nao una maana. Tezi 3 kati ya 30 ni sehemu moja ya kumi. Tezi 3 kati ya 5 ni zaidi ya nusu. Tafiti zimeonyesha kwamba kadiri sehemu hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo hatari inavyozidi, ingawa kwenye karatasi wote ni N1. Mzee wetu wa 3/14 alikuwa na takriban moja ya tano, na tezi zake zilikuwa zimetafutwa vya kutosha.

Ukikuta idadi ndogo, muulize daktari kama kipande kinaweza kuchunguzwa tena. Maabara huwa hazitupi mabaki mara moja. Hukaa kwenye dawa kwa muda. Lakini uliza mapema. Isipokuwa tu kwa mgonjwa wa saratani ya puru aliyepigwa miale kabla ya upasuaji: tezi zake husinyaa, na idadi ndogo kwake haimaanishi lazima kwamba kazi ilifanywa ovyo.

Mkebe mnaobebeshwa

Hapa naomba familia zisome polepole. Katika hospitali nyingi ndugu wa mgonjwa ndio hukabidhiwa mkebe wenye kipande kilichotolewa, waupeleke maabara wenyewe na walipe. Mara nyingi pesa zimekwisha kwa upasuaji, na mkebe unangoja.

Shangazi yangu alipofanyiwa upasuaji, kipande chake kilikaa juu ya kabati la wodi wiki tatu kwa sababu kila mtu alidhani mwingine amekipeleka. Kilikuwa kimesukumizwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, dawa haikutosha, na katikati kilikuwa kimeoza. Ripoti iliandika tezi 2. Hakuna aliyeweza kutuambia baadaye kama zilikuwa 2 kweli au kama nyingine zimeharibika, na shangazi alitibiwa kwa kubahatisha.

Dawa inayohifadhi kipande huitwa fomalini. Inatakiwa iwe nyingi, kiasi cha mara kumi ya ukubwa wa kipande, ndani ya chombo chenye mdomo mpana. Maji hayafai, wala spiriti. Chombo kiandikwe jina, tarehe na sehemu ya mwili iliyotolewa, na maandishi hayo yafanane na ya fomu. Kisikatwe vipande viwili ili kupelekwa maabara mbili. Kabla ya siku ya upasuaji, uliza ni nani atakayekipeleka, wapi na kwa bei gani, na gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu ya upasuaji tangu mwanzo. Upasuaji bila ripoti unamwacha mgonjwa gizani.

"Na hao 64, walifanya nini?"

Nilipomweleza yule mama kwamba kati ya watu 100 wenye ripoti kama ya mumewe, 64 hawakuwa wameuawa na saratani hiyo baada ya miaka 5, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Na hao 64, walifanya nini?"

Wengi wa wagonjwa wa hatua hiyo hupewa tibakemikali baada ya upasuaji, ile ambayo watu huita kemo. Kazi yake hapa ni kuua zile seli chache ambazo huenda zimepita tezi. Kwamba inasaidia si dhana. Mwaka 1990 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wagonjwa wenye tezi zilizoingiliwa waliopewa fluorourasili pamoja na levamisoli walipunguza vifo kwa asilimia 33 wakilinganishwa na waliopasuliwa tu. Wafugaji watashtuka kuisikia levamisoli, kwa kuwa ni dawa ya minyoo wanayoijua kwa mbuzi na ng'ombe. Ni hiyo hiyo, lakini iliachwa baadaye ilipoonekana kwamba kuna mchanganyiko bora, kwa hiyo mtu asiende duka la dawa za mifugo kumnunulia babake. Kuanzia mwaka 2004 oksaliplatini iliongezwa kwenye matibabu, na ndiyo ile dawa niliyosema haikuwamo katika zile takwimu.

Namba ya tezi inaingia tena hapa, na safari hii inagusa nauli na siku za shamba. Mwaka 2018 matokeo ya tafiti sita zilizounganishwa, zenye wagonjwa zaidi ya 12,000 kutoka nchi mbalimbali, yalionyesha kwamba kwa mgonjwa mwenye tezi 1 hadi 3 na uvimbe usiozidi T3, miezi 3 ya oksaliplatini na vidonge vya kapesitabini inafanya karibu kazi ile ile ya miezi 6. Mwenye tezi 4 au zaidi, au mwenye T4, kwa kawaida hushauriwa miezi 6. Tofauti si ya nauli tu. Oksaliplatini huleta ganzi ya vidole na nyayo, na kwa aliyepewa muda mrefu ganzi hiyo inaweza kubaki miaka. Anayeitumia aepuke kunawa au kunywa maji baridi siku za kwanza baada ya dripu. Wanaoishi sehemu za baridi waweke maji ya moto karibu.

Dawa hizi zinatakiwa kuanza mara kidonda kikipona, na ikiwezekana kabla wiki 8 kupita tangu upasuaji. Mzee wetu alikuwa amemaliza wiki tano, na tatu kati ya hizo zilikuwa za vikao. Nilimwambia kijana awaeleze baba zake wadogo hivi: swali lao lilikuwa kama kuna haja ya kutibu ugonjwa ulioenea, na jibu la ripoti ni kwamba mtu wa tezi 3 kati ya 14 ndiye hasa ambaye matibabu haya yalitengenezwa kwa ajili yake.

Mgonjwa aende kliniki ya saratani na ripoti ya maabara yenyewe (picha ya simu haitoshi), maelezo ya upasuaji, skani ya kifua na tumbo, na kitambulisho. Uandikishaji wa SHA uwe umekamilika na michango imelipwa. Pitia dawati la SHA la hospitali kabla ya siku ya kwanza ya dawa ujue kiasi kinachogharamiwa na kitakachobaki kwako, kwa sababu idhini huchukua siku.

Kwa ndugu na watoto

Mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko jirani. Ushauri wa kawaida ni aanze kupimwa kwa kolonoskopi, kipimo cha kupitisha kamera ndani ya utumbo, akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, ipi itangulie. Kwa mzee huyu wa miaka 58, watoto wake waanze wakiwa na 40. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 50, mwambie daktari kuhusu saratani nyingine za ukoo, hasa ya utumbo na ya mji wa uzazi. Wengine wote, kuanzia miaka 45, waulize kituo cha afya kuhusu kipimo cha damu iliyofichika kwenye kinyesi.

Na damu inayoonekana kwa macho isiitwe bawasiri kabla mtu hajapimwa. Katika kliniki yetu wengi wanaofika na tezi nyingi wamemaliza miezi wakimeza dawa za amiba, za vidonda vya tumbo na za kienyeji. Saratani ambayo bado iko T1 huwa imefika kwenye tezi kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi. Kila inavyochimba, idadi hiyo inapanda.

Mzee alianza dawa katika wiki ya saba. Ng'ombe mmoja aliuzwa, wa pili hakuuzwa. Amemaliza mizunguko minne, vidole vinawaka ganzi asubuhi, na sasa yuko kwenye ratiba ya kufuatiliwa: kipimo cha damu cha CEA kila miezi mitatu, skani mara moja kwa mwaka, na kolonoskopi ukitimia mwaka mmoja tangu upasuaji. Mkewe ndiye anayetunza tarehe, ameziandika nyuma ya ile ile ripoti.